Mche Unaouawa na Shibe

Mzee alilipasua tumba kavu la okidi kwa ukucha, akalikung'uta kiganjani. Kikamwagika kitu cha rangi ya krimu, laini kama unga uliochekechwa. Alipovuta pumzi na kuishusha, nusu yake ikapeperuka. "Hizo ndizo mbegu," akasema. "Maelfu kwa maelfu. Na sijaotesha hata moja."

Si mtu wa kushindwa na mbegu ndogo. Hapa Masumbwe, wilayani Mbogwe, ametunza vitalu vya tumbaku tangu ujana wake, na anaijua mbolea ya NPK 10:18:24 kwa kuipima kwa kiganja. Okidi ya mbugani aliisia kwenye kitalu hichohicho. Haikutokeza. "Nikadhani ina njaa, nikaongeza mbolea."

Njaa ni ya kweli. Mbegu ya okidi haina akiba ya chakula ya maana. Mwaka 1899 Mfaransa Noël Bernard aligundua kuwa porini huota pale tu ukungu wa udongoni unapoiingia, nayo hula kupitia ukungu huo. Mwaka 1922 Lewis Knudson wa Marekani akaziotesha kwa sukari na madini ndani ya chupa, bila ukungu wowote.

Kilichoninasa ni vipimo. Mchanganyiko wa madini unaotumika sana maabarani hadi leo, wa Murashige na Skoog, ulitungwa mwaka 1962 kwa ajili ya tumbaku. Wanaootesha okidi huupunguza hadi nusu, hata robo, maana kwa okidi nyingi za ardhini naitreti ikizidi kidogo tu, mbegu hazioti. Wanaotumia ukungu nao hupima kwa uchoyo: unga wa oti kama gramu 2.5 katika lita nzima. Chakula kikizidi, ukungu hunenepa, ukaacha kuulisha mche na kuanza kuula.

Nilipomweleza, mzee alinyamaza kidogo. "Kumbe nilikuwa naua kwa shibe." Kisha akaelekeza mkono kwenye mteremko wa mashamba. "Mvua ikinyesha, mbolea yetu yote inashuka mbugani. Na miombo tunaikata kukaushia tumbaku. Huo ukungu unaishi na nani?"

Sikuwa na jibu la kumpa.

Sasa anazinyunyiza mbegu chini ya mmea mama, mahali asipotia kitu. Mche wa okidi ya ardhini unaweza kukaa miaka udongoni kabla ya kutoa jani la kwanza. Jirani yake amekwisha kupima kipande cha mbuga kinachofuata, na msimu ujao analima.