Risasi isiyo na mlio: Mtaa wa makabwela ulivyoibana serikali mahakamani

UKISIKIA neno risasi, akili moja kwa moja inakwenda kwenye bunduki. Lakini iko risasi nyingine. Haina mlio, haina harufu ya baruti, na mtu anaweza kuishi nayo mwilini miaka kibao bila kujua. Hiyo imo ndani ya betri ya gari, betri ya pikipiki na ile ya sola inayowasha taa na redio sebuleni kwako. Ikitulia humo ndani, haina neno. Kasheshe inaanza siku betri inapokufa.

Chukulia hapa Majengo, Songea. Pikipiki ziko kila kona, sola nazo watu wanazo. Betri ikichoka haitupwi, maana risasi ni mali: inauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, inafika kiwandani, inayeyushwa, inageuzwa betri mpya. Ni biashara halali na inalisha familia za watu. Swali ni moja tu: inayeyushiwa wapi, na nani anayevuta ule moshi?

Kabla hujasema hayo ni mambo ya Ulaya, twende Mombasa kidogo.

Maziwa ya mama

Owino Uhuru ni mtaa wa makabwela pembeni mwa Mombasa, wenye watu kama 3,000. Nyumba zimebanana, watoto wanacheza nje. Katika miaka ya 2000 kikaanzishwa hapo jirani kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, Metal Refinery EPZ. Wenyewe walifurahi, si unajua tena, ajira imekuja mlangoni.

Mwaka 2009 kiwanda kikamwajiri dada mmoja, Phyllis Omido, kazi yake kushughulikia uhusiano na wananchi. Akapewa jukumu la kusimamia ripoti ya athari za mazingira. Mtaalamu akasema kiwanda hakifai kuwa pale, karibu hivyo na makazi ya watu. Badala ya kusikilizwa, dada akaondolewa kwenye jukumu hilo.

Mara mwanawe mchanga akaanza kuugua. Homa haiishi, hospitali haipati jibu. Mwisho damu ikapimwa risasi. Kumbe! Mtoto alikuwa na sumu mwilini, na ilielekea aliipata kwa maziwa ya mama yake, ambaye kila siku alikuwa anakwenda kazini akidhani anamtafutia mtoto maisha.

Hapo ndipo Omido alipoacha kazi na kuanza kupiga kelele. Watoto wengine wa mtaani wakapimwa, nao wakakutwa nayo. Akinamama wakasimulia mimba kuharibika. Akaandika barua, akagonga milango ya ofisi, akaongoza maandamano. Mwaka 2012 akakamatwa na kushtakiwa kwa uchochezi. Korti ikamwachia. Mwaka 2014 kiwanda kikafungwa, na 2015 akapewa Tuzo ya Goldman ya watetezi wa mazingira.

Ingekuwa sinema, ungesema imeisha. Wapi! Kiwanda kilifungwa, lakini risasi ilibaki kwenye udongo, na ilibaki kwenye mifupa ya watoto.

Kwa nini watoto?

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu ambacho ni salama. Mtoto akimeza vumbi lenye risasi, mwili wake unanyonya mara 4 hadi 5 zaidi ya mwili wa mtu mzima. Halafu mtoto ndiye anayetambaa chini na kutia vidole mdomoni.

Inachoshambulia zaidi ni ubongo. Mtoto anakuwa mzito wa kuelewa darasani, hatulii, mwalimu anamwita mtukutu na mzazi anachukua fimbo. Kumbe mwenzenu ana sumu. Mtu mzima naye haachwi: shinikizo la damu, figo, na kwa mjamzito mimba kutoka. Dawa zipo za kupunguza kiwango kwenye damu kikiwa juu sana, lakini ubongo ulioharibika haurudishwi.

Ndiyo maana ugomvi huu si wa moshi kunuka tu. Ni ugomvi wa akili ya mtoto wako.

Miaka minane kortini

Mwaka 2016 watu 10, kwa niaba ya mtaa mzima, wakafungua kesi katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa. Angalia waliowashitaki: kiwanda, mwenye eneo, na vyombo vya serikali pia, ikiwamo NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya. Hoja yao ilikuwa nyepesi tu: ninyi mliotakiwa kulinda mlango ndio mliomfungulia mwizi.

Tarehe 16 Julai 2020 mahakama ikakubali. Wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na eneo lisafishwe. Fungu kubwa kuliko yote, asilimia 40, likabebeshwa NEMA yenyewe. Watu wakacheza ngoma.

Raha haikudumu. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikatengua ile fidia na kutaka suala la kiasi cha pesa lianze upya chini. Wazee wakashika tama. Hawakukata tamaa lakini. Wakapanda Mahakama ya Juu, na tarehe 6 Desemba 2024 majaji wakairudisha ile bilioni 1.3.

Hesabu mwenyewe. Mtoto aliyezaliwa kesi inafunguliwa, hukumu ya mwisho imemkuta shule ya msingi. Sheria inafanya kazi, ila inatembea kwa miguu na sumu inapanda basi.

Na sisi Bongo je?

Usidhani hawa jirani zetu wametuzidi ujanja. Kwa kesi za aina hii Wabongo tulianza zamani. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, walichoshwa na moshi na uvundo wa dampo la Jiji, wakaipeleka Halmashauri Mahakama Kuu. Wakashinda. Jiji likawa linaomba kuongezewa muda, mara hii, mara ile, mpaka Jaji Lugakingira akashangaa: mamlaka ya umma inakujaje mahakamani kuomba ruhusa ya kuendelea kuhatarisha maisha ya watu? Akaikumbusha Ibara ya 14 ya Katiba, haki ya kuishi.

Taka zikahamishiwa Kunduchi Mtongani. Mwaka 1991 wakazi wa huko, zaidi ya 700, nao wakaenda mahakamani, nao wakashinda. Watu wa kawaida tu.

Leo hali ni nafuu zaidi kisheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Utamu wake ni huu: si lazima msubiri mtu augue. Hatari ikionekana inakuja, unaweza kwenda mahakamani kuizuia.

Na hatari si hadithi. Utafiti uliochapishwa 2018 ulipima udongo kuzunguka viwanda vya kuyeyusha betri katika nchi 7 za Afrika, Tanzania ikiwamo, ukakuta risasi ya kutisha.

Ukiona moshi, fanya haya

Kwanza, usipasue betri nyumbani wala kumwaga maji yake uani. Kama ni fundi, badili nguo na unawe kabla hujambeba mtoto.

Pili, akija mtu kujenga tanuru mtaani, muulize mwenyekiti wa mtaa: cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira kiko wapi? Huo ndio wakati wa kubana, kabla tofali la kwanza halijawekwa.

Tatu, mambo ya mdomo hayana kesi. Andikeni barua kwa Afisa Mazingira wa Manispaa na kwa NEMC, mbaki na nakala zenye mhuri wa kupokelewa. Tunzeni tarehe, picha na vyeti vya hospitali. Vipimo vya damu, udongo na maji ndivyo vinavyoongea mbele ya jaji.

Nne, nendeni kwa pamoja. Mmoja ataitwa mchochezi, ila mia saba ni mtaa. Kukosa pesa ya wakili si mwisho wa safari: wapo wanasheria wa mazingira kama wale wa LEAT, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria. Mahakama Kuu nayo ipo hapahapa Songea.

Owino Uhuru wameshinda, hongera zao. Lakini muulize mama yeyote wa pale achague kati ya fidia na mtoto asiyewahi kupumua ule moshi. Jibu unalijua. Basi barua iandikwe mapema.