Lumakanda: Baridi si Neno, Neno ni Umbali

Wenzangu wa Pwani wakiniuliza habari za Lumakanda, swali la kwanza huwa ni baridi. Kweli, Lugari hii ya Kaunti ya Kakamega ni nchi ya juu. Mtu wa Mombasa hulala na mablanketi mawili. Lakini baridi huzoeleka.

La pili ni chakula. Nazi ni ya kutafutwa, na samaki ni wa ziwa, si changu wala tasi. Huku ni ugali, mrenda na kuku. Hayo nayo huzoeleka.

Lisilozoeleka ni umbali. Toka hapa hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 800, nasi maiti wetu hacheleweshwi: aliyefariki alfajiri huzikwa alasiri. Simu ikilia, hata upande basi saa ile ile, utawakuta watu matangani. Jirani zangu Waluhya, ambao humngoja jamaa wa mbali siku kadhaa, huniuliza: "Mbona hawakungojei?" Huwaeleza kuwa kumharakisha maiti ndiko kumheshimu.

Wao pia wajua kuhama. Lugari ilikuwa mashamba ya walowezi wa Kizungu. Wakati wa uhuru wa 1963 yakagawiwa wananchi, wengi wakatoka Maragoli na kwengineko. Ila walihama na jamaa zao, na wafu wao huwazika papo hapo shambani.

Basi ewe uliyepata kazi huku, sweta utainunua sokoni. Radhi za wazee ziombe kabla ya kupanda gari, kwani huenda usiwahi kuwazika.