Wi-Fi imejaa, mbona malipo hayapiti?

Uko kwa duka, umeweka kiasi na PIN, halafu kile kiduara kinazunguka tu. Ukiangalia juu ya skrini, mistari ya Wi-Fi imejaa yote. Basi unaamua shida ni ya programu ya malipo na unabonyeza tena. Hapo ndipo mtu hujikuta amelipa mara mbili.

Ile mistari haipimi intaneti. Inaonyesha tu jinsi simu yako inavyoisikia rauta iliyo karibu. Waya unaoleta intaneti kwenye jengo unaweza kuwa umekatika, au wateja 30 wa mkahawa wanagawana laini moja ndogo, na mistari bado itabaki imejaa. Ni kama mfereji mpya kwenye tangi lisilo na maji.

Kuna wakati laini ni nzuri na shida ni hewani. Rauta nyingi hutumia masafa ya 2.4 GHz, ambayo pia hutumiwa na rauta za majirani wote kwenye ploti, Bluetooth na hata maikrowevu. Masafa ya 5 GHz yana kasi zaidi, ila ukuta wa mawe huyapunguza nguvu haraka. Kwa hivyo kulipia kifurushi kikubwa huku rauta imefichwa nyuma ya TV ni kupoteza pesa. Iweke juu, mahali wazi.

Na mara chache tatizo liko mbali kabisa. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikawa ya kusuasua Kenya na nchi jirani. Siku kama hiyo hata uzime na kuwasha rauta mara kumi, ni bure.

Sasa turudi kwa pesa zako. Kiduara kikizunguka, huenda ombi lako lilishafika na kilichokwama ni jibu tu. Usirudie kabla ya kuangalia SMS na salio. SMS na menyu ya USSD (zile namba zinazoanza na nyota na kuishia na alama ya reli) hupitia mtandao wa simu, hazihitaji Wi-Fi wala bando. Kama salio halijapungua na hakuna SMS, zima Wi-Fi ujaribu kwa data, au lipa kwa USSD. Kama SMS imeingia na muuzaji anasema hajaona kitu, mpe namba ya muamala aikague. Usitume tena.