Konsantre ya kuku hailiwi peke yake

Sisi watu wa mine tunajua konsantre: mawe ya shaba inasagwa, takataka inatolewa, inabaki poda yenye utajiri. Basi kontra yetu ilipoisha, tukachanga pesa ya mwisho, tukanunua kuku 120 wa mayai. Kusikia "konsantre ya kuku", tukasema hiyo ndiyo chakula ya nguvu.

Mifuko ilitoka Zambia kupitia Kasumbalesa, maandishi kwa Kiingereza tupu. Muuzaji hakueleza kitu, na sisi hatukuuliza. Tukawapa kuku hivyo hivyo. Siku ya nne wanakunywa maji bila kuacha, mavi ni maji matupu. Tulizika 14. Ilikuwa minerval ya watoto ile.

Munganga wa nyama alipofika alishika kichwa: "Mulibapa bila mahindi?"

Konsantre si kitu kimoja. Mahindi, pumba yake na muhogo mukavu zinaleta nguvu, lakini protini ya mahindi haipiti 8 ao 9 kwa mia. Turto ya soya, ni kusema makapi inayobaki kisha kukamua mafuta, inafika karibu 44. Kuku wa mayai anaomba kama 16 ao 17. Piga hesabu: kilo 3 za mahindi kwa kilo 1 ya turto, unakaribia. Bado chokaa, maana bila yake ganda la yai linakuwa laini kama karatasi. Na ile mifuko yetu? Protini, chumvi, madini na vitamini vimekusanywa pamoja, juu ya kuchanganya na mahindi mengi. Kipimo kinaandikwa kwenye mfuko, na kila mfuko iko na chake. Provande kamili tu ndiyo inapewa vile iko.

Soya mbichi, hapana: kaanga kwanza. Turto ya karanga yenye kuvu, hata wakikupunguzia bei, acha. Ni sumu. Ya pamba pia ni hatari kwa kuku na nguruwe.

Sasa tunachanganya wenyewe kwa lupango ya kamarade mumoja, kwa mizani, si kwa kopo. Kwa wauzaji tunaomba neno moja: andikeni kipimo kwa Kifaransa na Kiswahili. Kwa mine tulipigania hiyo kwa dawa za hatari. Kwa chakula ya kuku ni nini inashinda?

Wale 106 waliobaki wanatupa plato mbili kwa siku, mara tatu. Muhula wa kwanza wa minerval umelipwa. Wa pili, bado.