Maziwa ya Nyuki: Jeni Zilezile, Kazi Mbalimbali

Katika vijiji vya Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, mzinga wa gogo uliotundikwa mtini ni chombo cha tangu enzi za mababu, nao hutazamiwa kutoa asali na nta. Lakini lipo zao jingine la nyuki ambalo hunadiwa kuwa ni tiba ya kisukari, utasa, shinikizo la damu na hata uzee: maziwa ya nyuki. Mtu akishasikia kwamba chakula hiki humfanya nyuki wa kawaida kuwa malkia, huona si ajabu kimponye mwanadamu. Makala haya yanaeleza maziwa hayo hutoka wapi, na kwa nini hoja hiyo haisimami.

Kiwanda kilichomo kichwani

Asali hutokana na majimaji matamu ya maua. Maziwa ya nyuki hutengenezwa ndani ya kichwa cha nyuki mtenda kazi, katika jozi mbili za tezi. Jozi ya kwanza, tezi za haipofarinji, ina mirija mirefu iliyozungukwa na vifuko vidogo vingi, mfano wa shada la vitunguu, nayo hutoa protini. Jozi ya pili, tezi za taya, hutoa asidi za mafuta. Takriban theluthi mbili ya maziwa hayo ni maji. Kinachosalia ni protini, sukari na mafuta.

Tezi hizo hazifanyi kazi ileile maisha yote. Nyuki mwenye umri wa wiki moja au mbili ni mlezi: tezi zake hunenepa na kutoa maziwa ya kulisha majana, yaani watoto wa nyuki. Afikapo wiki ya tatu hutoka kutafuta chakula mauani. Hapo tezi husinyaa, zikaacha maziwa na kuanza kutoa vimeng'enya vya kuvunja sukari ili asali ipatikane. Walezi wakipungua mzingani, baadhi ya watafutaji huweza kurudia ulezi na tezi zao zikanenepa tena.

Jeni husomwa kwa zamu

Je, nyuki huyu amebadilishiwa jeni? La. Jeni ni zilezile. Kinachobadilika ni zipi zinazosomwa. Seli inaposoma jeni, hutoa nakala yake na kuitumia kutengeneza protini. Huko ndiko kudhihirika kwa jeni. Mfano wake ni mama anayenyonyesha: maelekezo ya kutengeneza maziwa yamo pia katika seli za ini na za ngozi yake, lakini husomwa katika titi, tena kwa wakati wake.

Ramani ya jeni za nyuki ilichapishwa mwaka 2006. Ilionyesha kwamba protini kuu za maziwa ya nyuki hutokana na familia ya jeni tisa zilizopangana pamoja katika kromosomu ya 11. Jeni hizo husomwa kwa nguvu katika tezi za mlezi. Ili tezi zinenepe, mlezi lazima ale chavua ya kutosha. Kwa hiyo msitu ukifyekwa kwa kuni na mkaa, maua yakatoweka, majana nayo huathirika.

Malkia naye ni mtoto wa kike kama watenda kazi. Majana yote hulishwa maziwa siku za mwanzo. Ateuliwaye kuwa malkia huendelea kulishwa kwa wingi, na wengine hubadilishiwa chakula. Mwaka 2008 watafiti wa Australia walizima jeni moja inayosaidia kuweka alama za kemikali juu ya DNA, na majana mengi yakakua kuwa malkia. Chakula, basi, hufanya kazi kwa kuamua jeni zipi zisomwe.

Mwanadamu si jana la nyuki

Uamuzi huo hufanyika katika kiumbe chenye njia mbili za kukua, tena katika siku chache za utoto wake. Mwili wa mwanadamu hauna njia panda hiyo. Tumboni mwetu protini hizo humeng'enywa kama za yai au maharage. Hakuna ushahidi wa kutosha kwamba maziwa ya nyuki hutibu kisukari, utasa au shinikizo la damu.

Madhara, kwa upande wake, yamethibitika. Baadhi ya protini hizo huamsha mzio, na katika miaka ya 1990 iliripotiwa huko Australia kwamba mgonjwa wa pumu alifariki baada ya kuyatumia. Aidha, imeripotiwa damu katika mkojo wa mgonjwa aliyeyatumia pamoja na dawa ya warfarini.

Ushauri

Mgonjwa mwenye pumu au mzio wa mazao ya nyuki asiyatumie. Anayetumia warfarini asiyaanze kabla ya kumwuliza daktari. Asiwepo anayeacha dawa alizoandikiwa kwa kuyategemea.

Mhudumu wa afya amwulize mgonjwa, bila kumkemea, anatumia nini nyumbani, anayekemewa huficha. Zikitokea dalili za kuvimba midomo, vipele mwilini na kupumua kwa shida, apewe adrenalini ya msuli mara moja, kisha apelekwe hospitali.

Mzinga unastahili heshima yake, na asali yake iendelee kuliwa. Maziwa ya nyuki yaachiwe kazi yaliyoumbiwa: kulea nyuki.