Ukitunga fumbo la chesi, tafuta kwanza mlango wa nyuma

Fungua programu ya chesi kwenye simu. Futa kete zote, kisha weka tatu tu: mfalme mweupe f6, ngome yake a1, na mfalme mweusi amejibanza kwenye kona, h8. Mweupe anaanza. Chekimeti kwa hatua mbili.

Fumbo la aina hii unalitunga ndani ya matatu kabla msongamano wa Thika Road haujaachilia. Jibu lako ni hili: mfalme aende g6, mweusi hana pengine ila g8, ngome iteleze mpaka a8. Kwisha maneno. Unapiga picha ya skrini, unarusha kwa grupu ya WhatsApp, unangoja sifa. Halafu msee mmoja anauliza, "Na nikipeleka mfalme f7?" Unacheki. Mweusi analazimika kwenda h7, ngome inaingia h1. Chekimeti! Fumbo limekufa, tena mbele ya watu.

Watunzi wa mafumbo ya chesi wana sheria moja isiyo na huruma: mweupe awe na njia moja tu ya kuanza. Mweusi anaweza kujitetea kwa njia kumi akitaka, hiyo ni haki yake. Lakini likitokea jibu la pili ambalo mtunzi hakulikusudia, hata liwe na sura mbaya kama nini, kazi inatupwa nje ya mashindano. Kwenye mechi ya kawaida nani anajali? Ushindi ni ushindi. Kwenye fumbo, msomaji amekaa saa nzima akikuamini kwamba jibu ni moja.

Kuziba mlango huo ndiko kutunga kwenyewe, kwa maoni yangu. Mtu mvivu ataongeza askari watatu hapa na pale mpaka ubao ufanane na soko la Gikomba. Fumbo letu halihitaji hayo. Hamisha ngome kutoka a1 hadi a7, basi. Sasa mfalme akienda f7 anasimama mbele ya ngome yake mwenyewe, mweusi anachomoka kwenda h7 bila wasiwasi. Njia ya g6 bado inafanya kazi kama mwanzo. Kete ni zilezile tatu, na jibu limebaki moja.

Hata wakubwa wamewahi kunaswa. Mwaka 1895 kule Glasgow, Scotland, Georges Barbier alikuwa na safu ya chesi kwenye gazeti la Glasgow Weekly Citizen. Akachapisha fumbo ambalo mweupe ana mfalme na askari mmoja anayekaribia kugeuka malkia, na mweusi ana mfalme na ngome. Barbier akasema mweusi anaponea kwa sare. Hesabu yake ilikuwa tamu: askari akiwa malkia, ngome nyeusi inajitoa kafara; malkia akiila, mfalme mweusi hajashambuliwa lakini hana pa kukanyaga, na kwa sheria hiyo ni sare.

Kasisi mmoja Mhispania aliyekuwa akiishi Glasgow, Fernando Saavedra, akaona kitu. Nani amesema lazima awe malkia? Mgeuze ngome! Ngome ina nguvu kidogo kuliko malkia, na kwa sababu hiyo inamwachia mfalme mweusi kisanduku kimoja cha kukimbilia. Kafara haileti sare tena, na mweupe anashinda. Leo fumbo hilo linajulikana kwa jina la Saavedra, karibu kila mpenzi wa chesi amewahi kulikuta mahali, na kasisi anakumbukwa kwa hatua hiyo moja tu. Ukitaka kuliona: mfalme mweupe b6, askari c6, mfalme mweusi a1, ngome nyeusi d5, mweupe anaanza.

Siku hizi huna haja ya kungoja kasisi akusahihishe. Stockfish ni ya bure na inaua wachezaji wote duniani. Ila kuna mtego. Ukiiacha ilivyo, mara nyingi inakuonyesha njia moja tu, ile inayoiona bora, na wewe unaenda kulala ukidhani uko salama. Ingia kwenye mipangilio, iambie ionyeshe njia tano kwa pamoja. Kama ya pili nayo inashinda, rudi kazini. Kwa mafumbo ya chekimeti kuna Popeye, nayo ya bure, ambayo kazi yake ni kukutafutia majibu yote. Na tangu 2018 yako majedwali ya Syzygy yanayojua matokeo ya kila hali yenye kete saba kushuka chini, wafalme wakihesabiwa. Hapo hakuna kubishana.

Majedwali hayo yamefagia mafumbo mengi ya zamani, mengine yalishachapishwa vitabuni na watunzi wake walishafariki. Inauma kidogo, lakini afadhali ukweli.

Kitu ambacho mashine haikuambii ni kama fumbo lako linapendeza. Haikuambii pia kama kuna mtu alilitunga kabla bibi yako hajazaliwa. Mholanzi Harold van der Heijden amekusanya mafumbo ya mwisho wa mechi zaidi ya 90,000, kwa hivyo pitia kabla ya kujigamba. (Hili letu la ngome, usijaribu kulipeleka popote. Ni la mazoezi.)

Kwa nini ujisumbue? Kwa sababu kucheza mashindano ya nje kunataka tiketi ya ndege na viza, na fumbo linasafiri kwa barua pepe. Kwa kawaida jaji hupewa hali ya ubao bila jina la mtunzi, hajui kama umetoka Moscow au Umoja. Na shirikisho la dunia la utunzi, WFCC, linatoa hata cheo cha ugwiji kwa watunzi pekee.

Basi rudi kwenye kete zetu tatu. Ngome ikiwa a1, majibu ni mawili. Kwenye mstari huo huo wa kwanza kuna visanduku viwili ambapo ngome ikikaa, jibu linabaki moja. Vitafute kabla hujawasha Stockfish.