Mwenye Duka la Dawa Tumwite Nani?

Mfanya kazi akishikwa na kikohozi, mara nyingi haendi zahanati. Hutoka kazini jioni, akapita duka la dawa, akainama dirishani na kusema: "Daktari, nipe ya kifua." Akipewa, humsifu muuzaji. Akiulizwa cheti, huguna, "Jeuri huyu!" akavuka njia kwenda duka la pili.

Sisi hatumlaumu. Zahanati yaweza kumla siku nzima, na kwa kibarua siku ni mshahara. Lakini twapenda ndugu zetu wajue ni jambo gani wanalomwomba mtu huyo.

Mwaka 2003 Serikali ya Tanzania ilianzisha mkoani Ruvuma Maduka ya Dawa Muhimu, mahali pa yale ya dawa baridi. Wauzaji walifundishwa, wakaruhusiwa kuweka dawa chache za cheti, na baadaye mpango ukaenea mikoa mingine. Ulikuwa msaada mkubwa vijijini, ambako mfamasia ni nadra kuonekana. Hata hivyo, ruhusa ya kutoa dawa si ruhusa ya kuandika dawa. Anayedai viuavijasumu vinne bila cheti, kwa kuwa mfukoni ana fedha ya vinne tu, amtaka muuzaji avunje kanuni; tena avizoeza vijidudu dawa ambayo kesho mwanawe ataihitaji.

Wako wasemao, basi wafamasia na wapewe kalamu ya daktari. Shauri hilo si la kubezwa. Uingereza iliwapa uwezo huo mwaka 2006 wale waliofuzu mafunzo maalumu, na tangu Januari 2024 maduka ya dawa ya England hutibu maradhi saba ya kawaida, kama vile maumivu ya koo, bila mgonjwa kupitia kwa daktari. Lakini lililotuvutia sisi si kalamu, ni malipo: duka hulipwa na Serikali kwa mashauri yenyewe, hata mgonjwa akiondoka mikono mitupu.

Kwetu muuzaji hula kwa kidonge. Akikataa kuuza amejinyima, na mwenzake wa ng'ambo ya njia amepata mteja. Huo ndio mzigo tunaomtwika kila tumwitapo daktari. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Twawauliza wanaoisimamia: muuzaji akimwambia mgonjwa, "Nenda zahanati," ujira wa neno hilo utatoka fungu gani?